Nilimwambia Nataka Kupoa

Sitaki uje kuniambia mwishoni kwamba nilikuwa na homa, au kwamba nilikuwa nimelewa. Pombe nilikuwa sijaanza kunywa, na homa naijua vizuri, imenilaza mara nyingi. Hili lilinipata mchana, jua liko juu ya mapaa ya watu, na akili zangu zote ziko kichwani. Wapo wanaocheka kabla sijafika katikati. Wacheke tu. Aliyekaa kwenye yale maji ni mimi, si wao.

Ilikuwa miaka ya sitini, Uhuru ukiwa bado mpya pande zote mbili za mpaka. Nilikuwa kijana wa Kisamia, mkazi wa Busia upande wa Uganda, na nilikuwa na baiskeli. Basi lilikushusha kwenye kizuizi cha upande huu, lingine likakungoja kizuizi cha upande ule, na katikati ujijue mwenyewe na mizigo yako. Sisi wenye baiskeli tulisimama pale tukiita, "Boda! Boda!" Ukitaka kuvuka boda, unakaa nyuma juu ya keria, mzigo wako unafungwa kwa mpira, tunakwenda. Leo kila mtoto anajua boda boda na anadhani ilizaliwa na injini. Injini ilikuwa miguu yetu.

Na miguu ina mwisho wake, bwana. Siku ya soko ulivuka mara ishirini, mara thelathini, leo mama na watoto wawili, kesho gunia la mtama, keshokutwa kikapu cha samaki kinachokudondokea mgongoni. Jioni mashavu ya miguu yalikaza ukashindwa hata kuchuchumaa. Kijana asiyejua kuitunza miguu yake hakumaliza mwaka kwenye kazi ile.

Dawa yetu ilikuwa maji baridi. Aliyetufundisha ni mzee mmoja mwenye baiskeli kama sisi, tuliyemwita Sajini kwa sababu aliwahi kuwa askari wa Mwingereza na akapelekwa vitani Bama, mbali huko Asia. Alisema kule, baada ya kutembea siku nzima na mizigo, waliingia mtoni wakakaa maji yakiwa kiunoni, na kesho yake waliamka na miguu mipya. Waliolala na joto la safari miguuni waliamka wakichechemea. Tulimwamini kwa sababu alituzidi sote umri na bado alitupita mlimani.

Mahali petu palikuwa kijito kinachotoka chini ya mwamba nyuma ya mji, kabla hakijaingia Mto Sio. Maji yake hayakujua kiangazi. Tulipaita Friji, maana Mhindi mmoja wa dukani alikuwa ameleta friji ya mafuta ya taa na mji mzima ulikwenda kuigusa. Na masharti ya Sajini yalikuwa haya: unaingia mpaka kiunoni, unahesabu kwa sauti hadi mia tatu, unatoka, unajisugua kwa gunia kavu, unakunywa uji wa moto papo hapo. Huendi peke yako, mmoja akiwa majini mwenzake yuko ukingoni na chungu cha uji. Na ukiwa ndani hutoi neno ila hesabu. Mtu akikusalimu, hesabu. Mtu akikutukania mama, hesabu. Tulipomuuliza sababu alisema ukiongea utasahau namba, utakaa sana, baridi itakuua. Jibu hilo lilitutosha.

Kwenda Friji tulikuita kupoa. "Nakwenda kupoa," tuliambiana. Na hapa lazima nikueleze jambo la lugha, usidhani napoteza muda. Kiswahili sisi watu wa mpakani tulikiokota njiani, kwa wachuuzi, kwa madereva wa malori, kwa askari wa forodha. Kupoa na kupona kwetu lilikuwa neno moja. Mtu akitoka hospitali, amepoa. Kidonda kikikauka, kimepoa. Uji ukisahauliwa mezani, nao umepoa. Nani alikuwa na nafasi ya kutenganisha? Wafanyabiashara Waislamu pale mjini, ambao wazee wao walitoka pwani, walitucheka sana kwa hilo. Tuliwaona wanaringa tu.

Mke wangu alikuwa Athieno, Mjapadhola wa Iyolwa. Mimi sikujua Kidhopadhola, yeye hakujua Kisamia, kwa hiyo nyumba yetu iliendeshwa kwa Kiswahili hicho hicho kilichovunjika. Tulicheka sana ndani ya nyumba ile. Alikuwa na mimba ya kwanza, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuwaambia watu wasiniite kwa jina langu tena, wangoje miezi michache waniite Baba Fulani.

Mimba ilipofika mwezi wa nane, uso wake ukavimba, miguu ikavimba, akaanza kulalamika kichwa na kusema anaona nyota mchana. Mkunga wetu, Mama Perusi, alimtazama akanivuta kando.

"Mimi siwezi huyu," akaniambia. "Peleka yeye Tororo kesho asubuhi, kwa daktari. Usingoje uchungu. Ukingoja, wewe nazika watu wawili."

Tororo ni kama maili ishirini. Mvua zilikuwa zimekula daraja dogo njiani, basi haliendi, lori haliendi. Baiskeli ingepita, ungeibeba begani ukavuka. Kwa hiyo ilikuwa kazi yangu, na kwa kazi hiyo sikuwa na wasiwasi hata kidogo, ila kwa jambo moja. Siku ile ile asubuhi nilikuwa nimepakia magunia mawili ya mtama kwa tamaa yangu, na nilipokuwa nikipanda kuelekea kizuizini, msuli wa paja la kulia ulikatika. Niliusikia. Nikashuka nikakokota baiskeli, na kila hatua ilinitoa machozi.

Utaniuliza, kwa nini sikumwomba mwenzangu ampeleke? Swali zuri. Nimejiuliza usiku mwingi. Nilikuwa kijana mwenye wivu, na nilikuwa na kiburi cha miguu. Mke wangu apande nyuma ya mwanamume mwingine maili ishirini amemshika kiuno, na mimi nibaki kwenye mkeka? Hapana. Nilisema nitakwenda kupoa, na kesho mguu utafanya kazi.

Sajini alikuwa amekwenda maziko upande wa Kenya. Wenzangu walikuwa bado kazini, siku ya soko haiachwi. Nikaenda Friji peke yangu, sina mtu wa ukingoni, sina gunia, sina uji. Ilikuwa kama saa kumi na moja kasoro, na jua bado kali.

Niliingia. Baridi ile ilinibana pumzi kama kawaida, nikasubiri itulie, nikaanza kuhesabu. Moja, mbili, tatu. Nilikuwa nimevuka mia nilipoinua macho nikaona kuna mtu mbele yangu.

Alikuwa amekaa upande wa pili, karibu na mwamba, maji yakimfika kifuani. Kati yetu palikuwa na nafasi ya watu watatu kulala. Nilipoingia hakuwepo, nakuapia, na mahali pale hapana njia nyingine ya kuingilia. Hakuwa na shati. Begani alikuwa na sugu kubwa kama ngumi, sugu ya mtu aliyebeba mizigo miaka na miaka. Na ngozi yake, niamini, ilikuwa imejikunja yote. Unajua vidole vya mwanamke aliyefua nguo tangu asubuhi vinavyokuwa? Uso wake ulikuwa hivyo. Shingo hivyo. Mikono yote hivyo.

"Pole," akasema.

Nilikuwa kwenye mia na kumi na mbili. Nikasema mia na kumi na tatu.

"Pole sana, ndugu yangu. Mguu huo umeumia."

Mia na kumi na nne. Jani likaja na maji kutoka kwenye mwamba, likafika mgongoni pake, na sekunde hiyo hiyo nikaliona mbele ya kifua chake linaendelea na safari. Halikuzunguka. Maji hayakupinda kumpisha. Niliona hivyo kwa macho yangu, na bado nikakaa, kwa sababu ningetoka wakati ule mguu ungekuwa bado mbovu, na kesho nilikuwa na safari. Hofu niliyokuwa nayo ya kesho ilikuwa kubwa kuliko hofu ya yule mtu. Nilifumba macho nikaendelea kuhesabu.

"Umefika ngapi?" akaniuliza.

Ah! Hapo ndipo aliponipata. Angeniuliza jina langu nisingejibu. Angeniambia nyumba yangu inaungua nisingejibu. Lakini aliniuliza namba, na kinywa changu kilikuwa kimejaa namba tayari.

"Mia na thelathini," nikasema.

Nilipotaka kuendelea sikujua tena kama ile mia na thelathini nilimpa yeye au nilijihesabia mwenyewe. Hesabu ikanipotea yote.

"Mimi nilipita hapo zamani," akasema. Kiswahili chake kilikuwa safi mno kwa Busia, kila neno limekaa mahali pake. "Sasa niambie, wataka nini kwenye maji haya?"

Nilishaongea, nikaona hakuna cha kuokoa. "Nataka kupoa, mzee. Mguu nauma. Kesho iko safari."

"Kupoa, au kupona?"

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka. "Hiyo ni moja, mzee. Poa, pona, yote ni ile ile."

"Si ile ile. Chagua."

Nilimwona kama mmoja wa wale wa mjini wanaotusahihisha. Nikakasirika, nikasema kwa ubishi, "Kupoa. Nataka kupoa tu, nipeleke bibi yangu Tororo."

"Peke yake?"

"Iko na mimba."

"Basi ni wawili."

"Kama unahesabu ya tumboni, ndiyo."

"Namhesabu," akasema.

Kisha mkono ukanishika paja chini ya maji. Sikiliza vizuri: mikono yake yote miwili niliiona juu ya maji, mbele yangu, imetulia. Lakini mkono ulinishika, ukanibana pale pale msuli ulipokatika, na baridi iliyotoka kwake iliyafanya yale maji ya Friji yaonekane ya kuoga mtoto mchanga. Halafu maumivu yakaisha. Yaliisha yote mara moja, hata yale ya zamani, hata ya goti nililoangukia nikiwa shule. Nikasimama nikatoka majini natembea kama sijawahi kuumia. Nyuma yangu nilisikia anaanza kuhesabu upya, kwa sauti ya chini, kuanzia moja. Sikugeuka. Nilivaa suruali juu ya mwili uliolowa nikakimbia, na mguu ukanibeba vizuri kuliko siku zote.

Nyumbani sikusema kitu. Ningesema nini? Athieno alikuwa amelala na kitambaa kichwani. Nilijiambia kwamba mguu umepoa, na kilichobaki ni Tororo.

Tuliondoka kukianza kupambazuka. Nilikuwa nimeongeza blanketi juu ya keria, naye akakaa upande, mkono mmoja kiunoni pangu, mwingine ameshika tumbo. Nilikanyaga pedali nikashangaa. Mguu wa kulia haukuchoka. Ulipanda na kushuka wenyewe, mlimani na bondeni, mimi kazi yangu ilikuwa kushika usukani. Kwenye lile daraja lililobomoka nilibeba baiskeli begani, nikarudi nikambeba na yeye, na sikuhema. Nilifurahi. Sitakuficha, nilifurahi sana, nikaanza hata kupiga mluzi.

Jua lilipopanda na watu kuanza kuvua makoti yao, yeye akaanza kutetemeka.

"Mgongo yako iko baridi," akaniambia.

"Ni upepo."

"Si upepo. Ni wewe. Nashika wewe, mkono yangu nakufa ganzi."

Nikampa koti langu. Tukaendelea. Baada ya muda akauliza, "Toka asubuhi wewe nahesabu nini?"

"Mimi sihesabu."

"Nasikia. Ulianza moja pale nyumbani. Unahesabu polepole, unanyamaza, tena unahesabu."

Mluzi uliniishia. Nilimuuliza namba imefika ngapi. Nilimuuliza kama mtu anayetania.

"Sasa umesema mia moja na tisini," akasema.

Mimi sikusikia kitu ila cheni ya baiskeli. Tulikuwa tunakaribia Iyolwa, kwao. Njia ya kwenda kwa mama yake inachepuka upande wa kushoto, na kutoka barabarani uliona moshi wa jikoni kwao. Athieno alinipiga begani.

"Tuingie kwa mama kidogo. Nipate moto. Nipate chai. Kidogo tu, bwana."

Hapo ndipo penyewe. Kama unataka kujua ni lini niliharibu, usifikirie yale maji. Ni hapo. Mimi nilishaelewa ni nani anayehesabu, na nilishaelewa anahesabu hadi ngapi. Nikafikiri kwamba nikikimbia nitamshinda. Nikafikiri daktari ndiye atakayenisaidia, si moto wa mama mkwe. Na mguu ulikuwa unakwenda vizuri mno!

"Tutapita tukirudi," nikasema.

"Tafadhali."

"Tukirudi, Athieno."

Hakuomba tena. Aliegemeza kichwa mgongoni pangu. Nilikanyaga baiskeli ile mpaka mnyororo ukalia, watu wakaruka kando, na mwamba mkubwa wa Tororo ukatokea mbele. Kila nikimuuliza alinijibu namba kwa sauti ndogo. Mia mbili na arobaini. Mia mbili na sabini. Tulipoingia mjini aliacha kunijibu. Nilipofika kwenye lango la hospitali nikashuka kumshika, akafungua macho akasema, "Amenyamaza."

Wauguzi walikuja mbio. Mmoja wao, mama mtu mzima, alimshika mikono akanitazama kwa hasira. "Huyu mmemtoa mtoni?" aliniuliza. Nguo zake zilikuwa kavu kabisa. Lakini vidole vyake, vyote kumi, vilikuwa vimejikunja kama vya mtu aliyefua tangu asubuhi.

Walimfunika mablanketi, wakamwekea chupa za maji ya moto, daktari akaja. Watu wale walifanya yote wanayoweza kufanya watu. Mchana Athieno alijifungua. Mtoto alikuwa msichana. Hakulia. Yule muuguzi alimpulizia, akamsugua, akampiga nyayo, akamsugua tena, mpaka daktari akamshika bega amwache. Walinipa nimshike. Ngozi yake ilikuwa imejikunja mwili mzima, na muuguzi aliniambia kwa upole kwamba watoto wengi huzaliwa hivyo, ni maji ya tumboni. Sikubishana naye. Baridi ya mwanangu niliijua.

Athieno alipona. Yeye alipona.

Tulipomzika mtoto kule Iyolwa, nilimtafuta Sajini. Sikumaliza hata kumweleza. Aliniuliza swali moja tu, "Uliongea naye?" Nikamwambia niliongea. Akavua kofia yake akaishika mikononi.

Ndipo akanieleza aliyotuficha. Babu yake alimsimulia kwamba zamani, misafara ya watu wa pwani ilipokuwa ikipita kwenda Buganda, mpagazi mmoja aliumia miguu pale. Alimwomba mkubwa wa msafara amtafutie mganga, apone. Mkubwa akamwambia kaa kwenye maji upoe, hesabu mia tatu, tutakuja kukuchukua. Walipoondoka alikuwa anahesabu. Wenyeji walimsikia usiku kucha, na asubuhi hawakumsikia tena.

"Yeye haelewi kwamba kwetu ni neno moja?" nikamuuliza Sajini. "Anajua nilitaka nini!"

"Anaelewa kuliko wewe na mimi," akasema. "Alitaka kupona, wakampa kupoa. Basi mtu akimwambia nataka kupoa, anampa, na baridi inapita kwa mtu anashika yeye. Lakini maji ile inaogopa moto. Kwa nini mimi kila siku nasema uji, uji, uji? Ungemkalisha bibi yako jikoni dakika kumi, anakunywa kitu moto, kwisha. Hesabu inakatika."

Nilikaa chini kwenye vumbi. Dakika kumi. Moshi wa jiko la mama yake niliuona kwa macho yangu.

Sasa hili ndilo linaloniuma zaidi, na ndilo lililonifanya nikusimulie. Kule hospitali, siku ya pili, Athieno alinishika mkono akaniambia anajua kwa nini mtoto amekufa. Enzi zile kwao mwanamke hakula kuku wala yai, na mwenye mimba ndiyo usiseme. Yeye, mimba ikiwa na miezi mitano, alipatwa na hamu akachemsha yai moja akala kwenye mlango wa nyuma, peke yake. "Ni yai," akaniambia. "Mimi nimeua mtoto yako." Alilia mpaka muuguzi akaja.

Na mimi nilifanya nini? Nilinyamaza. Nilimpapasa mkono nikamwambia basi, basi. Ningemwambia nini, kwamba nilikupitisha mlangoni kwa mama yako ukiomba moto? Nilisema nitamweleza akipata nguvu. Akapata nguvu. Nikasema nitamweleza tukipata mtoto mwingine. Hatukupata. Mguu wangu wa kulia tangu siku ile haujawahi kupata joto, na mwanamke hawezi kulala kando ya kitu kama kile. Aliweka mkeka wake upande wa pili wa chumba. Ndugu zangu walinishauri nioe mwingine, nikakataa, na watu wakanisifu kwa upendo. Haukuwa upendo peke yake. Niliogopa kumpeleka mwingine kwenye baridi ile.

Wanawake wa umri wake wote wanaitwa Mama Fulani. Yeye mpaka leo, nywele zimekuwa nyeupe zote, anaitwa Athieno. Na yai hakugusa tena, hata baada ya dunia kubadilika na kina mama wote kula mayai mbele za watu. Akipita sokoni penye mayai alikuwa anageuza uso. Nimemwona akigeuza uso hivyo miaka zaidi ya hamsini, nimebeba kikapu nyuma yake, nimenyamaza.

Mwezi uliopita nilimwambia. Sijui nguvu niliipata wapi, labda ni uzee tu, mtu anachoka kujificha. Nilimwambia yote, maji, yule mtu, hesabu, moshi wa jikoni kwao. Aliinuka akaleta beseni la maji yaliyotoka motoni sasa hivi, mvuke unapanda, akauchukua mguu wangu wa kulia akautumbukiza. Sikuhisi kitu. Akaweka kidole chake kwenye maji akakitoa haraka, akangoja. Akaweka tena. Mvuke ulikuwa umeisha. Mara ya tatu aliweka mkono mzima, akauacha humo, maji yalikuwa ya Friji kabisa.

"Kumbe si yai," akasema.

Nilingoja anitukane. Ningeshukuru angenipiga. Alilia, lakini si kama alivyolia hospitali, alilia akitikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa kitu alichotafuta nyumba nzima. "Miaka yote hii," alikuwa anasema. "Miaka yote hii, wewe mtu." Usiku ule hakuongea nami, na mpaka leo maneno yetu ni machache. Asubuhi nilisikia sufuria. Nikachungulia jikoni, nikamkuta amesimama, yai la kuchemsha mkononi, anamenya ganda polepole. Alitia chumvi. Alikula akiwa amesimama mlangoni, mlango wa mbele, watu wanapita.

Siku hizi nawaona vijana wa mpira hapa wanajitia kwenye mapipa ya barafu baada ya mechi, wanasema miguu inapona haraka. Ni kweli, inapona, Sajini alijua hilo kabla yao. Siwakatazi. Nawaambia tu wasiende peke yao, wasiwe na maneno na mtu wasiyemjua mle ndani, na wakitoka wanywe kitu cha moto. Wananicheka, nami nawaacha.

Lakini wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, nakuonya kwa jambo jingine, na hili usilicheke. Kama nyumbani kwako yupo mtu anayejihukumu kwa kosa lililofanywa na wewe, usingoje apate nguvu, wala usingoje upate maneno mazuri. Mwambie leo kabla hajalala.